Gitaa Lililokuwa Nyumba

Jamani, nimechoka kuulizwa. Tangu nirudi siwezi kununua hata fungu la nyanya hapa Songea bila mtu kunivuta pembeni na kuniuliza, "Fabiola, vipi lile gitaa la mjomba wako, lilikuwa orijino?" Nikianza kujibu, mwingine anatokea katikati ya maelezo, naye anataka nirudi mwanzo. Kwa hiyo nimekaa nimeandika yote kwa mpigo. Someni, mpeane, na mkimaliza mniache ninunue nyanya zangu.

Kwa wasiomjua, mjomba wangu Longinus alikuwa mpiga solo katika bendi moja ya dansi kule Dar es Salaam, enzi za ujana wake. Bendi ilipokufa, tajiri mwenye vyombo hakuwa na cha kuwalipa wanamuziki, akawaambia kila mmoja achague chombo kimoja aondoke nacho. Mjomba akachagua gitaa. Ni gitaa zito la umeme, rangi ya asali iliyoungua pembeni, na kichwani limeandikwa kwa dhahabu jina kubwa la Kimarekani ambalo hata asiyejua muziki amewahi kuliona kwenye fulana. Alirudi nalo Songea, akamuoa Mama Gaude, na tangu hapo kila mke alipouliza nyumba itaisha lini, mume alionyesha chini ya kitanda. "Hili gitaa ni nyumba," alikuwa anasema. "Siku likiuzwa, tumehamia."

Nyumba yenyewe mnaiona mkipita. Kuta zilifika kwenye lenta zikaishia hapo, na sebuleni umeota mpapai ambao tayari umezaa mara kadhaa. Wao wanaishi kwenye kile kibanda cha nyuma. Mvua zilizopita maji yalimmwagikia Mama Gaude kitandani, naye akatamka mbele yetu sote: gitaa liwe nyumba kabla ya mvua nyingine, au yeye anarudi kwa kaka zake Peramiho. Mkaza mjomba wangu huyu si mtu wa kusema mara mbili. Alianza hata kukusanya sufuria zake.

Ndipo mjomba akaniita mimi, eti kwa sababu nimesoma na sina mume wa kuniuliza nakwenda wapi. Akanikabidhi gitaa, akaniambia nikalipime thamani Dar, nisiliuze, bali nirudi na jibu nilitoe mbele ya mkewe. Mbele ya mkewe, alirudia. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini.

Songea hadi Makambako: mtoto wa blanketi

Gitaa halina mkoba. Mama Gaude alilifunga kwa blanketi na khanga mbili, akalikaza kama anayefunga mtoto mchanga, akanipa. Konda akataka liingie kwenye buti, pamoja na magunia ya mahindi na makochi ya mtu anayehama. Nikakataa. Akasema basi lina utaratibu. Nikamwambia na mimi nina utaratibu. Tukabishana mpaka dereva akaanza kupiga honi, na abiria wote wakawa wananiangalia mimi kana kwamba ndiye ninayewachelewesha, na kweli ndiye niliyekuwa nawachelewesha.

Balaa ilikuja konda aliponiuliza kabila langu. Kumbe yeye Mhehe. Sasa mnajua sisi Wangoni na Wahehe tulivyo: mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wataniane, na kwa mtani huna haki ya kununa. Yule konda akasimama katikati ya basi akatangaza kwamba kuna Mngoni humu ameiba mtoto wa watu, amemviringisha blanketi, mwenye kupotelewa ajitokeze mapema. Basi zima likacheka. Ilinibidi nicheke na mimi, na hasira zimenijaa kifuani, kwa sababu ukimkasirikia mtani unaonekana wewe ndiye hukulelewa.

Basi nikalipakata. Gitaa lile lina uzito wa debe la maharage. Tulipofika Njombe miguu ilikuwa imekufa ganzi, na baridi ya pale ilinikuta sina hata cha kujifunika, blanketi limevaliwa na gitaa. Mama mmoja jirani yangu alinisihi nimpigie pambio moja tu. Nilimweleza kwamba sijui kupiga, na kwamba hili ni la umeme, bila mashine yake halisikiki. Alinitazama kwa huruma, akaniambia nisimfiche Mungu kipaji.

Makambako walitupa muda wa kula usiotosha hata kupuliza chai. Chipsi zangu zilikuja pamoja na honi. Nilizila basi likitembea, juu ya mgongo wa gitaa, na mjomba asiniulize ile alama ya mafuta imetoka wapi.

Kitonga hadi Mbezi: kila mtu anajua

Kwenye mteremko wa Kitonga lori lilikuwa limelala ubavu, barabara imefungwa kabisa. Tulishuka tukakaa kwenye mawe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna Mtanzania asiyejua magitaa. Mzee mmoja mstaafu alihesabu nyuzi, akakuta sita, akasema ndilo lenyewe. Mwingine akaligonga tumboni kwa kidole, likatoa mlio wa kopo tupu, akasema mti mzuri huo. Konda akasema mali ya Mngoni haiwezi kuwa orijino kwa sababu Mngoni mwenyewe ni kopi ya Mzulu. Hata mimi hapo nilicheka kweli.

Njia ilipofunguliwa tulikuwa tumekaa juani hata nimesahau nakwenda kufanya nini. Pale Ruaha Mbuyuni watu walinunua vitunguu mpaka ujia wa basi ukajaa, na tulifika stendi ya Mbezi saa ambayo sitaki kuitaja, nikinuka vitunguu mimi na gitaa. Gesti niliyoipata Ilala ilikuwa na feni inayozunguka pale inapojisikia.

Kariakoo: mikononi mwa winga

Asubuhi nikaenda Kariakoo, maana mjuzi wa magitaa niliyemtumia picha kwa simu kabla ya safari, Bwana Thobias wa Upanga, alikuwa hapokei simu yangu. Nikasema nisikae bure, nitafute maoni mengine. Kosa.

Kariakoo huwezi kutembea na kitu kilichofungwa blanketi bila kupata winga. Kama hujawahi kukutana naye, winga ni mtu asiye na duka, anayekupeleka kwenye duka asilolijua ukanunue kitu usichokitaka. Wangu alijitambulisha kwa jina la Side, mtu mzima mwenye kofia ya timu moja ya mpira na shati la timu nyingine. Nilimweleza kwamba siuzi wala sinunui, nataka kujua tu kitu hiki ni nini na thamani yake ni ipi.

"Sista, sijakuelewa," akasema. "Unauza huuzi?"

"Siuzi. Napima."

"Haya. Tukapime halafu tuuze."

Tukazunguka. Duka la kwanza, muuza vinanda na spika akaniambia ana magitaa mapya yanayong'aa kuliko hilo, tena na mkoba wake, kwa nini nahangaika na lililochakaa. La pili, mwenye duka alilinyanyua tu akasema zito, na kitu kizito ni orijino. La tatu walitafuta stika ya kung'aa ya kuzuia feki, wakaikosa, wakasema basi ni kopi ya kwanza, ambayo kwa lugha ya pale ni feki iliyolelewa vizuri. Kila tulipoingia Side alijibu maswali yote kwa niaba yangu, na kila tulipotoka historia ya gitaa ilikuwa imeongezeka. Kufikia duka la mwisho mjomba alikuwa amewapigia wafalme.

Jua la Mtaa wa Kongo lilinipiga, watu wamenikanyaga, na bado sikuwa na jibu hata moja la kumpelekea Mama Gaude. Nilikuwa namuwaza yeye na sufuria zake. Nilinunua muwa uliokatwakatwa, nikala nimesimama, nikitafuna kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

Gerezani: mwenye msasa

Side hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na imani yake, nayo ni hii: Kariakoo hakuna kinachouzwa na vumbi. Redio ya zamani inapakwa rangi, baiskeli inapakwa rangi, hata kiatu cha mtumba hakipandi mezani kabla hakijapakwa rangi. Kwa hiyo akanipeleka Gerezani kwa rafiki yake, fundi wa kupuliza rangi dashibodi za magari na makombe ya mpira, akaniambia tupumzike hapo tunywe maji. Nikaliweka gitaa kwenye benchi, nikageuka kumlipa muuza maji. Niliporudi, khanga ziko chini, blanketi liko chini, na fundi ana msasa mkononi, amekwisha kukwangua pembe ya kichwa cha gitaa.

Sitarudia hapa niliyoyasema. Majirani walisimamisha kazi zao kusikiliza. Fundi alinishangaa kwa dhati, akaniambia alikuwa ananitolea uchakavu tu, bure, kwa heshima ya Side, na kwamba angelipuliza rangi nyekundu ya gari lingeng'aa hadi nisilitambue. Hilo nililiamini.

Lakini nilipofuta vumbi nikaona kitu. Pale msasa ulipopita, dhahabu ya lile jina la Kimarekani ilikuwa imetoka pamoja na rangi nyeusi iliyokuwa chini yake, na chini ya hiyo nyeusi kulikuwa na ncha ya herufi nyingine, nyeupe, iliyochongwa ndani ya mti. Herufi isiyokuwemo kwenye lile jina la juu. Wakati huohuo simu ikaita. Bwana Thobias.

Upanga: skrubu nne

Lifti ya jengo lake ilikuwa imekufa na yeye anakaa juu kabisa. Nilipanda na debe langu la maharage, Side nyuma yangu, amekataa kabisa kuachwa kwa sababu kazi, alisema, tumeianza wote.

Bwana Thobias hununua magitaa ya zamani kwa ajili ya wapenzi wa vitu hivyo walioko nje. Kuta zake zimejaa hayo. Alitandika taulo mezani, akalilaza gitaa kifudifudi, na kabla sijakaa akasema jibu ni hilo hapo. Akanionyesha mahali shingo inapokutana na tumbo. Kulikuwa na kibati cha chuma chenye skrubu nne.

Akanieleza taratibu. Mmarekani alipotengeneza gitaa la umbo hili aliibandika shingo kwa gundi, haina skrubu hata moja nyuma. Wajapani walipoanza kuyaiga magitaa ya Kimarekani, wengi walifunga kwa skrubu kwa sababu ni rahisi zaidi. Si kila la gundi ni la Mmarekani, akasema, maana baadaye Wajapani nao waligandisha kwa gundi, lakini umbo hili likifungwa kwa skrubu tangu kiwandani, basi halikutoka Marekani. Akaligonga tumboni kama yule abiria wa Kitonga, likalia kopo tupu. Mti mzuri wapi. La Mmarekani ni gogo zima, hili lina ubao mwembamba uliokunjwa juu na uwazi chini yake. Ile herufi iliyofichuliwa na msasa akaitambua mara moja: ni ya kiwanda cha Japani. Jina la dhahabu liliandikwa na mtu mwingine, kwa brashi.

"Pole," akaniambia. "Hili ni kopi ya Japani."

Nikashika tama. Nilimwona Mama Gaude anashuka Peramiho na mzigo wake kichwani. Ndipo Side akanyanyuka kwenye kiti na kunipa mkono.

"Mjapani!" akasema. "Sista, si nilikwambia? Hongera."

Hapa ndipo palipoharibika. Mjue kwamba kwa mtu wa Kariakoo hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Gari la Japani, friji la Japani, cherehani ya Japani, hata kikikujia kimetumika miaka na miaka huko kwao ni bora kuliko kipya cha kwingine. Side aliona Bwana Thobias amekiri kwa mdomo wake kwamba mali ni ya daraja la juu, sasa anataka kutuzungusha kwenye bei. Bwana Thobias akamweleza kwamba Mjapani hapa ndiye aliyeiga. Side akasema basi aliyeigwa ndiye mwenye bahati. Wakaenda hivyo mpaka chai ikapoa, na mimi katikati yao nimeinamisha kichwa.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba Side alikuwa na ukweli kiasi. Bwana Thobias alikubali kwamba kopi za miaka ile siku hizi zinatafutwa, kwa sababu baadhi zilitengenezwa kwa uangalifu, na waliozidharau zamani sasa wanazililia. Lakini thamani iko kwenye kile ambacho hakijaguswa. Akaanza kuhesabu vilivyoguswa. Pikapu moja, ile sumaku inayosikia nyuzi, ilitoka kwenye gitaa jingine. Vikaza nyuzi viwili havikufanana na wenzao. Kitufe kimoja cha sauti kilikuwa cha redio ya mbao. Kichwa kimepakwa rangi, na leo kimekwanguliwa. Alipofika hapo alimtazama Side, na Side akatazama dirisha. Bwana Thobias akasema lingepulizwa rangi yote asingelitaka hata kwa zawadi, maana mikwaruzo ile ya zamani ndiyo inayolipiwa.

Alichoweza kutoa, kwa hesabu yangu, kingeezeka chumba kimoja, mbao na bati. Si nyumba. Chumba. Angeongeza kidogo, akasema, kama ningempata mtu wa kuthibitisha gitaa lilipigwa wapi na nani aliliandika jina, kwa sababu wanunuzi wake wanapenda na hadithi. Nikakumbuka mjomba aliniagiza nimsalimie mwenzake wa bendi anayeishi Kigamboni.

Magogoni hadi Kigamboni: bila utani

Side niliachana naye Magogoni. Alinisindikiza mpaka kwenye geti la kivuko, akanitakia kila la heri na Mjapani wangu, na nikiri kwamba nilimwona mtu mwema. Kivuko kilikawia. Tulisimama tumebanana mle bandani mpaka watu wakaanza kuegemea gitaa kama ni nguzo. Nilikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili nyingi kupita hasira zangu.

Mwenzake mjomba anaitwa Mzee Besi, kwa sababu ndilo gitaa alilopiga. Nilimkuta kwenye duka lake la vipuri vya baiskeli. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza natoka wapi. Kumbe naye Mhehe. Nikajua nimekwisha. Kabla sijakaa alikwisha kunishukuru kwa niaba ya Wahehe wote kwa kurudisha mali ya wizi.

Nikamuuliza nani aliliandika jina. Akajibu bila kufikiri. Bendi moja ya jirani ilikuwa imetangaza kwamba ina vyombo vipya kutoka Marekani, na watu wakaanza kuhamia kwenye ukumbi wao. Tajiri wa bendi ya mjomba akaita mwandika mabango, akapaka majina ya Kimarekani kwenye kila chombo, hadi kwenye ngoma ambazo kampuni ile haijawahi kutengeneza. "Na aliyemshikia kopo la rangi ni huyo Mngoni mwenzako," akasema. "Tena ndiye aliyedai dhahabu iwe nyingi."

Nikacheka. Mtani anasema, ungefanya nini. Nikamjibu kwamba Mhehe angelishika kopo angeinywa ile rangi. Akacheka sana, akaongeza kwamba Longinus alijua. Nikacheka tena. Tungeendelea hivyo hadi kivuko cha mwisho kama mkewe asingetoa kichwa nyuma ya pazia akamwambia, baba, mtoto huyu ametoka Songea, ongea naye bila utani.

Mzee Besi akavua miwani, akaifuta.

"Haya, mwanangu, utani nimeuweka pembeni," akasema. "Mjomba wako alijua ni la Japani tangu siku ya kwanza. Tulijua wote. Siku ya kugawana, la Marekani lilikuwepo, la kweli, na zamu ya kuchagua ilikuwa yake. Akaliacha."

"Kwa nini?"

"Alilipenda hili. Hakulichagua la kuuza."

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka nimesimama kwenye kivuko cha kurudi nimelikumbatia gitaa kwa nguvu, natamani kulitosa majini na mjomba juu yake. Maana nilikwisha kuelewa. Hakunituma kupima chochote. Miaka yote aliita gitaa nyumba ili pasiwe na mtu wa kumwambia aliuze, kwani nani anauza nyumba kwa haraka? Sasa mke amefunga mizigo, na mume hana ulimi wa kumwambia ukweli, akaona afadhali ukweli huo utoke Dar es Salaam, mdomoni mwangu, yeye akae pembeni ashangae na wengine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mjomba wangu ilianzia Songea, ikapita Kitonga, ikavuka maji, na aliyeitembea ni mimi.

Kurudi

Safari ya kurudi siielezi. Ilikuwa ileile, ila kwa kupanda.

Walinipokea kibandani wote wawili. Mama Gaude alilifungua gitaa mwenyewe, akakunja khanga zake, akaona lile doa la msasa. Mjomba alikaa anautazama mpapai. Nikasema gitaa ni la Japani.

Mama Gaude akashusha pumzi, uso ukamfunguka. Akasema kumbe la Japani, pikipiki ya kaka yake ni ya Japani na mpaka leo inapanda milima ya Matengo. Nikamwona mjomba anainua kichwa taratibu. Alikuwa anaokoka mbele ya macho yangu, kwa neno lilelile lililonichosha Upanga, na nikaona sitaweza kulala na jambo hilo.

"Mjomba," nikasema, "Mzee Besi anakusalimu. Anasema dhahabu ilikuwa nyingi."

Kichwa kikarudi chini. Mama Gaude akauliza dhahabu gani. Akatutazama mmoja mmoja, na mwishowe mjomba mwenyewe akasema, "Nilijua, Mama Gaude. Kwamba si nyumba."

"Tangu lini?"

"Kabla sijakuoa."

Mama Gaude hakupiga kelele. Aliingia jikoni akasonga ugali. Ulipoiva akatupakulia mimi na yeye. Cha mjomba akakiweka kwenye sinia, akachukua na kigoda, akavibeba mpaka ndani ya zile kuta zisizo na paa, akaviweka chini ya mpapai. Kisha akarudi, akalitwaa gitaa, akaenda kuliegemeza ukutani kando ya kigoda. Akamwambia mumewe kwamba mwenye nyumba hula nyumbani kwake.

Mjomba akaenda. Tulimwona kupitia tundu la dirisha lisilo na fremu, amekaa, chakula hakigusi. Manyunyu yakaanza, mvua ya kwanza. Mjomba akasimama, akavua koti lake, akalifunika gitaa, akaketi tena kulowa.

Mama Gaude aliacha tonge mkononi. "Mimi nimelowa miaka yote hii," akasema, "hajawahi kunivulia koti." Kisha akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama Gaude analia, na nilijuta kila neno nililolisema, na nisingelirudisha hata moja.

Sijui kama mjomba alisikia, ila ukuta haukuwa na dirisha la kuzuia sauti. Aliingia maji yanamtiririka, akasimama mlangoni. Akaniambia nimpigie simu yule mtu wa Upanga, nimwambie chumba kimoja kinatosha kuanzia. Halafu, hamtaamini, akaniuliza kama naweza kulipeleka tena wiki ijayo. Nikamwambia aende mwenyewe, na aende na mkewe, ambaye hajawahi kuiona Dar es Salaam iliyomnyima nyumba.

Wameondoka juzi. Niliwasindikiza stendi, na konda alikuwa yuleyule Mhehe. Mama Gaude alikuwa amekaa dirishani, amevaa koti la mjomba kwa ajili ya baridi ya alfajiri, na gitaa amelipakata ndani ya blanketi. Konda akalitambua. Akamuuliza kama yeye ndiye mwenye kulipiga.

"Silipigi," Mama Gaude akamjibu. "Nalipeleka likawe bati."